Simu Ikijaa Picha: Hamisha Kwanza, Futa Baadaye

Ujumbe wa simu kwamba nafasi ya kuhifadhi imekwisha huja wakati usiofaa. Mwananchi amefika Mji wa Serikali Mtumba kufuatilia jambo lake, amekabidhiwa barua yenye mhuri na anataka kuipiga picha kabla ya kuikunja, kamera inakataa. Katika haraka hiyo wengi hufuta picha hamsini kwa mkupuo bila kuzitazama. Miezi kadhaa baadaye ndipo hubainika kwamba miongoni mwake ilikuwamo picha ya stakabadhi ya malipo ya kiwanja, au picha pekee ya mzazi aliyekwisha kufariki.

Nafasi inaweza kupatikana bila hasara ya namna hiyo, mradi mtumiaji ajue kinachojaza simu yake na mahali nakala ya pili ilipo.

Kinachojaza simu, mara nyingi, si picha alizopiga mwenyewe. Picha moja ya simu za siku hizi huchukua kati ya MB 2 na MB 5, ilhali video ya dakika moja yenye ubora wa HD kamili hufika MB 100 au zaidi. Kwa hiyo anayefuta video moja ya dakika moja hupata nafasi sawa na aliyefuta picha thelathini hivi. Tunashauri kuanzia hapo. Baada ya video, tazama makundi ya WhatsApp: ya harusi, ya misiba, ya wazazi wa shule, ya vikoba. Kila salamu ya asubuhi yenye ua na kikombe cha chai hubaki ndani ya simu hata baada ya kusomwa. Hatuzidharau salamu hizo, lakini kazi yake huwa imekwisha. Katika mipangilio ya WhatsApp ipo sehemu ya kusimamia hifadhi, inayoonyesha mafaili makubwa na yale yaliyosambazwa mara nyingi, yafutwe hapo. Aidha, zuia picha na video zisijipakue zenyewe. Hatua hiyo huokoa nafasi, na huokoa bando pia.

Hifadhi ya mtandaoni, ambayo wengi huiita wingu, ndiko makosa makubwa hutokea. Akaunti ya Google hutoa GB 15 bila malipo, lakini nafasi hiyo hutumiwa kwa pamoja na barua pepe, mafaili ya Drive na picha. Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zinazopakiwa Google Photos huhesabiwa humo. Mtumiaji aliyekwisha kupakia picha zake huamini kwamba sasa anaweza kuzifuta kwenye simu kwa usalama. Anafungua programu ileile ya Google Photos, anachagua, anafuta. Picha hizo huondoka kwenye simu na huondoka pia kwenye wingu, kwa sababu programu huzihesabu kuwa kitu kimoja. Kitendo sahihi ni kingine: ndani ya programu hiyo ipo sehemu mahususi ya kuongeza nafasi kwenye kifaa, nayo huondoa nakala ya simu tu, kwa zile picha zilizokwisha kupakiwa. Watumiaji wa iPhone wenye kuunganisha picha zao na iCloud wajihadhari vivyo hivyo.

Kabla ya kuondoa chochote, ingia katika akaunti hiyo kwa kutumia kifaa kingine, simu ya ndugu au kompyuta, uone picha kwa macho yako. Ukimaliza, toka katika akaunti. Jaribio hili huthibitisha pia kwamba unalikumbuka neno lako la siri, jambo ambalo wengi hulitambua simu ikishaibwa.

Kupakia hugharimu bando: picha za GB 5 huhitaji takriban GB 5 za intaneti. Asiye na Wi-Fi anaweza kutumia kompyuta, flashi au kadi ya kumbukumbu. Zipo kadi bandia zilizoandikwa ukubwa zisiokuwa nao. Hupokea mafaili bila kulalamika, kisha mafaili hayafunguki. Nunua kwa muuzaji anayetoa risiti ya EFD, ijaribu kadi kwa mafaili mengi siku hiyohiyo, na ufungue baadhi yake kuona kama ni mazima. Ikumbukwe kwamba picha iliyohamishiwa kwenye kadi bado ni nakala moja. Kadi ikiharibika, imepotea.

Picha za nyaraka zitengewe albamu yake. Risiti ya EFD huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto na mwanga, hivyo baada ya muda picha yake inaweza kuwa ushahidi pekee uliobaki nao unapodai haki kwa muuzaji. Ukijitumia picha hiyo kwa WhatsApp, itume kama faili la hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora, na tarakimu ndogo huenda zisisomeke.

Tahadhari nyingine inahusu steshenari na mafundi simu. Anayehamisha picha katika kompyuta ya mtu mwingine abaki hapo hadi mwisho, kisha ahakikishe nakala iliyobaki kwenye kompyuta imefutwa, pamoja na ile iliyomo katika kapu la taka. Picha ya kitambulisho cha Taifa ni taarifa binafsi, nayo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hata hivyo, ni rahisi zaidi kuzuia picha isichukuliwe kuliko kuirejesha ikishasambaa.

Kwa aliyekwisha kufuta kwa bahati mbaya, atazame mara moja sehemu ya vilivyofutwa. Google Photos hutunza humo picha zilizopakiwa kwa siku 60, na zisizopakiwa kwa siku 30. iPhone hutunza kwa siku 30. Picha zilizomo humo huendelea kuchukua nafasi, na ndiyo sababu simu huweza kubaki imejaa hata baada ya kufuta. Usiisafishe sehemu hiyo kabla ya kuipitia picha moja baada ya nyingine.