Picha na Maneno Katika Hisabati (4): Pengo la al-Khwarizmi

Tangu Waziri wa Elimu wa Kenya, Julius Ogamba, atangaze Aprili 2025 kwamba hisabati itabaki ya lazima katika sekondari pevu, ya kina kwa wanaochagua mkondo wa sayansi na nyepesi kwa wengine, wazazi wa mitaa ya Umoja na Kayole jijini Nairobi wamekuwa wakiniuliza: mtoto wangu huchora tu, kueleza hawezi, si bora achukue ile nyepesi?

Makundi ya mwanasaikolojia Krutetskii, ya wanaofikiri kwa picha, kwa maneno au kwa vyote viwili, nilishayaeleza. Leo twende Baghdad, karne ya 9. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi hakuwa na x wala alama ya kujumlisha. Swali lake alilitamka kwa maneno matupu: mraba, ukiongezewa mara kumi ya upande wake, huwa 39, upande huo ni ngapi? Jibu nalo likaja kwa maneno. Nusu ya 10 ni 5. 5 mara 5 ni 25. Jumlisha na 39 upate 64. Kipeuo chake ni 8. Toa 5, zinabaki 3.

Walimu wetu wengi huishia hapo, na darasa hukariri. Yeye alichora. Mraba mmoja, kisha mistatili miwili ya upana wa 5 ubavuni mwake, kwenye pande zinazopakana. Pembeni pakabaki pengo la 5 kwa 5. Kumbe ile 25 ni kiraka! Ziba pengo, mraba mkubwa umetimia. Mtu huyo tumweke kundi gani, la picha au la maneno?

Jicho la picha wanalo pia mafundi wa Kamukunji wanaotengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni: huona sanduku zima katika bati ambalo halijakunjwa. Tunanunua kazi yao kila Januari, kisha tunamwita mtoto mwenye jicho kama lao mzito wa hesabu. Ni dhuluma, na nitazidi kuisema.

Lakini msikimbilie kumfundisha kwa picha peke yake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake nchini Marekani walipitia tafiti za mitindo ya kujifunza, wasipate ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha kila mtoto kwa mtindo wake kunamfaidi.

Basi mpeni ile 39 na penseli. Akishachora, mwulizeni kwa nini pengo ni 25, mkamsubiri hata akigugumia. Fomu ya mkondo mtaijaza baadaye.

Juma lijalo: barua ya Einstein kwa mwanahisabati Hadamard.