Saratani ya matiti: Wingi wa askari wa mwili si hoja

Wengi wetu tukisikia CD4 hukumbuka Ukimwi. Kwa miaka mingi kliniki zimekuwa zikihesabu chembe hizo ili kujua kinga ya mgonjwa imefikia wapi. Lakini chembe hizo hizo hupatikana pia ndani ya uvimbe wa saratani ya matiti, saratani inayowapata wanawake wengi humu nchini.

CD4 ni chembe nyeupe za damu za aina ya T. Huitwa wasaidizi kwa sababu kazi yao kubwa si kuua adui, bali ni kuwaamrisha askari wengine. Hutoka katika damu na kujipenyeza ndani ya uvimbe.

Je, zikishafika hufanya nini? Kuzihesabu tu hakutoshi. Kila chembe ina jeni zile zile, mfano wa kitabu kimoja cha mapishi kilichogawiwa kila jiko. Tofauti ni ukurasa uliofunguliwa. Jeni inayotumika hutoa nakala ziitwazo RNA, na wataalamu wakizipima hujua chembe inapika nini.

Mwaka wa 2013, watafiti wa taasisi ya saratani ya Jules Bordet mjini Brussels, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya uchunguzi kama huo. Waligundua kuwa katika uvimbe uliojaa askari, baadhi ya wasaidizi walikuwa wakitengeneza kemikali iitwayo CXCL13. Kemikali hiyo huziita chembe za aina ya B, zile zinazotengeneza kingamwili. Kwa pamoja hupiga kambi ndogo zinazofanana na tezi za kwapani.

Wagonjwa ambao uvimbe wao ulikuwa na alama ya jeni 8 zinazohusiana na wasaidizi hao walielekea kuishi muda mrefu zaidi, au kupata nafuu kubwa kutokana na dawa walizopewa kabla ya upasuaji.

Hata hivyo, si kila msaidizi ni rafiki. Kuna kundi jingine la CD4 ambalo hutuliza vita ili mwili usijidhuru. Ndani ya uvimbe, utulivu huo humfaa adui. Ndiyo maana wingi si hoja.

Kwetu sisi nyumbani, silaha ya kwanza ingali ni kuwahi. Mama au dada akigundua uvimbe kwenye titi, hata usiouma, asingoje, aende hospitali. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.