Mzigo wa Mwanamichezo Haufungwi Usiku wa Kuamkia Safari

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Aghalabu methali hii huelekezwa kwa mtu apendaye makuu, yule avaaye koti la jirani arusini na kutembea kwa wasiwasi asije mwenyewe akalidai. Lakini yupo mwingine ambaye methali hii inamfaa zaidi, naye ni mwanamichezo atokaye nchi ya jua akaenda kushindania heshima ya taifa lake katika nchi ya theluji. Huyu akiazima vazi, hatapatwa na aibu pekee. Baridi nayo haitamhurumia.

Tarehe 12 Februari 1998, mjini Nagano, Japani, Philip Boit alikuwa Mkenya wa kwanza kushindana katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi. Alishiriki mbio za kilomita 10 za kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba zifungwazo viatuni. Alimaliza katika nafasi ya 92, nyuma ya wote waliofika mwisho, dakika 20 hivi baada ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Bingwa huyo alimngoja kwenye utepe, akamkumbatia. Boit naye hakusahau wema huo, kwani baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie.

Kumbatio lile limesimuliwa sana, na linastahili kusimuliwa. Lisilosimuliwa ni mzigo. Boit, aliyekuwa mkimbiaji wa masafa ya kati, alipelekwa Finland mwaka 1996 pamoja na Henry Bitok, kujifunza mchezo ambao hakuwa ameujua, kwa gharama za Nike, kampuni ya viatu ya Marekani. Maana yake ni kwamba mzigo wa Nagano ulianza kufungwa miaka miwili kabla ya safari. Maana yake pia ni kwamba haukufungwa na sisi wenye bendera.

Huenda msomaji akauliza: kufunga mzigo kuna ugumu gani? Si makoti mawili mazito na kofia? Hapo ndipo tunapokosea. Kinachomhifadhi mtu katika baridi si uzito wa koti bali ni hewa iliyotulia baina ya nguo na nguo. Kwa hivyo mwanamichezo huvaa tabaka tatu: vazi jepesi la sufu au poliesta lililogusana na ngozi ili kuondoa jasho, sweta ya kutunza joto, na juu yake koti lisilopitisha upepo wala maji. Fulana ya pamba, inayotufaa mno Mombasa na Kisumu, huko hugeuka adui. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi ipatayo mara 25 kuliko hewa. Mchezaji aliyetoka jasho mazoezini, kisha akasimama nusu saa kungoja zamu yake, huanza kutetemeka ilhali koti lake ni zito kama gunia.

Miguu nayo ina elimu yake. Anayevaa soksi jozi mbili nene katika kiatu kimoja hudhani amejikinga, kumbe ameubana mguu, damu haipiti vyema, na vidole vinakufa ganzi. Soksi moja ya sufu, na nyingine kavu mfukoni za kubadilisha, ndiyo busara. Macho yanahitaji miwani na ngozi inahitaji mafuta ya kuzuia jua, hata ngozi nyeusi, kwa sababu theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya ile miale ya jua inayochoma. Zaidi ya hayo, skii hupakwa nta, na nta ya theluji kavu siyo ya theluji inayoyeyuka. Hivyo hata kopo la nta lafaa kuchaguliwa na mtu anayejua kule kuna nyuzi ngapi za baridi.

Baada ya hayo huja mizani ya uwanja wa ndege. Mashirika mengi ya ndege huruhusu begi la kilo 23, na vifaa vya michezo ya baridi ni vizito. Kanuni ya wazoefu ni kwamba viatu vya kutelezea, dawa na vyeti vyote husafiri pamoja na mwenyewe, si katika tumbo la ndege. Koti laweza kununuliwa ugenini. Kiatu kilichokwisha kuufahamu mguu hakinunuliwi popote. Wajamaika walilijua hilo kwa uchungu mwaka 2014. Winston Watts na Marvin Dixon waliwasili Sochi, Urusi, kwa mashindano ya vigari vya kuteleza barafuni, lakini mizigo yao ikachelewa njiani, na vifaa vyao humo humo. Wakabaki kutazama wenzao wakifanya mazoezi hadi mizigo ilipofika.

Wajamaika walicheleweshewa mizigo waliyokuwa nayo. Wanamichezo wetu wengi hawana mzigo wa kucheleweshwa. Watazame vijana wa Ice Lions wa Nairobi, wachezaji wa magongo ya barafuni, waliojifunza katika uwanja mdogo wa hoteli uliofunguliwa mwaka 2005 kando ya barabara ya Mombasa. Kwa miaka mingi walicheza wao kwa wao, kwa kuwa timu nyingine ya kushindana nayo haikuwapo, na kwa vifaa haba vya kugawana. Mwaka 2018 walialikwa Canada na kampuni moja ya kahawa ya huko. Walipofika, walikuta vifaa kamili vinawangoja, kisha wakaungana nao uwanjani mabingwa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Ilikuwa furaha isiyo na kifani. Hata hivyo, mtu mzima hana budi kujiuliza: mbona mchezaji wa Kenya avalishwe kikamilifu kwa mara ya kwanza akiwa ugenini, tena na muuza kahawa?

Nitaambiwa kwamba Kenya haina theluji, isipokuwa ile ya kilele cha Mlima Kenya inayozidi kupungua, na kwamba fedha chache tulizo nazo ziende kwa wakimbiaji wanaotuletea medali. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Lakini je, wakimbiaji wenyewe wamestirika? Baada ya Michezo ya Rio de Janeiro ya mwaka 2016, taifa lilisikia malalamiko kwamba baadhi ya wanamichezo hawakupata sare walizostahili, ilhali zilikuwa zimetolewa na mfadhili. Kwa hivyo tatizo si uhaba wa theluji. Tatizo ni mazoea ya kumkumbuka mwanamichezo mwisho, baada ya maafisa kuwa wamekwisha kufunga mabegi yao. Nchi ina hiari ya kutopeleka mtu mashindanoni. Ikishampa bendera aibebe, imekwisha kula kiapo cha kumvika.

Walimu na wanafunzi mnajua ninayoyasema, kwa maana mazoea haya huanzia shuleni. Timu yafuzu kwenda mashindano ya mkoa au ya Afrika Mashariki, na usiku wa kuamkia safari ndipo kipa anapozunguka mabwenini akiomba viatu. Anavipata vya mwenzake, vinampwaya au vinambana, na asubuhi anapanda basi akiwa amekwisha kushindwa nusu. Tukimkemea kwa kufungwa mabao, tunamwonea.

Ninapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji hazina kubwa. Kwanza, kila timu iwe na orodha ya vifaa miezi kadhaa kabla ya safari, ibandikwe ukutani ili kila mchezaji na mzazi aisome. Pili, mchezaji akabidhiwe vifaa vyake mapema, avitie sahihi kwa mkono wake, avitumie mazoezini, na dosari zijulikane tungali nyumbani. Tatu, mzigo wa afisa usipokelewe kabla ya mzigo wa mchezaji wa mwisho. Aidha, mwalimu wa fizikia anaweza kufundisha upitishaji wa joto kwa fulana ya pamba iliyolowa na sweta ya sufu, na mwalimu wa jiografia akaeleza hali ya hewa ya Nagano kabla timu haijaenda huko. Somo hilo mwanafunzi hatalisahau, hata kama hatawahi kuiona theluji.

Boit hakuishia Nagano. Alirudi katika Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 na ya Turin mwaka 2006. Mwaka 2018, huko PyeongChang, bendera yetu ilibebwa na Sabrina Simader, binti mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria. Njia basi imekwisha kufunguliwa, na wengine watapita. Chanda chema huvikwa pete, walinena wahenga. Hawa hatuwadai pete. Tunawadai glavu, soksi kavu na kiatu kinachowatosha, navyo tuwape kabla hawajaondoka nyumbani.