Mji Uliopoteza Jina Lake

Ipo sentensi moja ambayo hunifuata kila niketipo kusahihisha karatasi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Huja kwa maneno mbalimbali, lakini maana yake haibadiliki: ati wageni kutoka ng'ambo walitua pwani, wakajenga miji ya mawe, kisha wakatuletea Kiswahili. Huizungushia kalamu nyekundu. Mwaka unaofuata hurejea, imeandikwa kwa mkono mwingine.

Siwalaumu vijana hawa. Nami niliiandika sentensi iyo hiyo nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi hapa Eastlands, nikapewa alama zote. Ndiposa shule zilipofungwa mwezi wa Agosti, nilimchukua mpwa wangu, mwana wa dada yangu, mwanafunzi wa sekondari akaaye Umoja, tukaenda Gede. Nilitaka aione miji ya mawe kwa macho yake kabla hajaisoma tena katika kitabu cha mtihani.

Safari yenyewe haina mengi. Tulipanda garimoshi Syokimau hadi Mombasa, tukalala, kisha matatu ya Malindi ikatushusha njia panda. Tangu hapo ni mwendo mfupi tu wa miguu, na ghafla jua linafunikwa na majani. Magofu ya Gede yamo msituni. Mizizi ya miti mikubwa imezikumbatia kuta za matumbawe kana kwamba inazizuia zisianguke, na kima hurukaruka juu ya makaburi bila heshima yoyote. Kuna Msikiti Mkuu, jumba la kifalme lenye nyua zake, nyumba zilizobanana kwa vichochoro vyembamba, mifereji, vyoo na visima. Ukuta wa nje umezunguka eneo la ekari 45 hivi. Ndani yake, mbali na majumba ya mawe, waliishi watu wengi zaidi katika nyumba za udongo na makuti ambazo hazikuacha gofu la kupigwa picha.

Kaburi moja lina tarehe iliyochorwa: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 kwa kalenda ya Miladi. Mji ulistawi kwa muda mrefu, hasa katika karne ya 15, na mwanzoni mwa karne ya 17 ukawa mahame. Wataalamu hutaja sababu kadhaa: maji ya visima kuzidi kwenda chini, uvamizi wa Wazimba wa mwaka 1589, na msukumo wa Waoromo kutoka kaskazini. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa hifadhi ya kihistoria, na mwezi wa Julai 2024 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Mpwa wangu hakuvutiwa na tarehe. Alikuwa akisoma vibao. "Nyumba ya Mkasi. Nyumba ya Kauri. Nyumba ya Bakuli la Kauri," akanitafsiria kutoka Kiingereza huku akihesabu kwa vidole. "Mjomba, mbona watu hawa waliziita keja zao kwa majina ya vyombo?"

(Nilifungua kinywa nimkosoe kwa hilo neno keja, nikakifunga. Sheng imezaliwa mitaani kwetu, na mtu hamkani mwana kwa kuwa kazaliwa karibu.)

Swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Waliozijenga nyumba hizo hawakuziita hivyo kabisa. Mwaka 1948 mwanaakiolojia Mwingereza, James Kirkman, alianza kuchimba hapa, na kazi hiyo ikachukua takriban miaka 10. Kila nyumba ilipewa jina la kile kilichookotwa ndani yake: penye mkasi pakawa Nyumba ya Mkasi, penye kete za pwani pakawa Nyumba ya Kauri. Msomaji atagundua mzaha uliomo. Katika Kiswahili neno kauri ni kete ya baharini, na pia ni ule udongo mweupe wa vyombo vya Kichina. Mgeni aliyezitenga nyumba mbili kwa majina mawili ya Kiingereza, wenyeji wangemwambia kuwa zote ni za kauri.

Hata jina la mji ni la kuazima. Gede, kwa maelezo yaliyozoeleka, ni neno la Kioromo lenye maana ya kitu cha thamani. Yaani mji unaitwa kwa lugha ya watu waliofika ukiwa umekwisha au unakaribia kwisha. Wareno, waliokaa Malindi karibu miaka 100 baada ya Vasco da Gama kutia nanga huko mwaka 1498, hawakuutaja Gede popote, ingawa ni mwendo wa kilomita 16 hivi tu. Kirkman alidhani kwamba huenda jina la asili lilikuwa Kilimani.

"Kilimani ile ya mabwanyenye?" akauliza kijana, akacheka mpaka mlinzi akageuka.

Kirkman huyo huyo, katika kitabu chake cha mwaka 1954, aliubandika mji huu sifa ya Uarabu tangu kwenye jalada. Hakuwa peke yake. Ndivyo walivyofikiri wasomi wengi wa zama zake. Jengo la mawe likionekana Afrika, sharti atafutwe mwashi kutoka mbali. Lakini juu ya mlango mmoja wa Msikiti Mkuu pamechongwa ncha ya mkuki, alama ya mamlaka ambayo mzee yeyote wa bara angeitambua.

Basi tukaketi kwenye ukingo wa kisima nikamfundisha somo ambalo sijapata kulifundisha mahali pazuri namna ile. Tazama ukuta huu, nilimwambia. Ukuta ni neno la Kibantu. Mlango ni la Kibantu. Nyumba ni la Kibantu, na nyanya yako wa Ukambani hulitamka karibu vile vile. Kisima, jiwe, mji: yote ni ya nyumbani. Mgiriama anayeuza madafu pale langoni huita mji mudzi, na maji huyaita madzi. Penye j ya Mswahili pana dz ya Mgiriama, na ulinganifu wa namna hii, unaojirudia kwa utaratibu, hauji kwa bahati wala kwa kuazima. Ni dalili ya mama mmoja.

Sisemi kwamba hatukuazima. Dirisha limetoka Uajemi. Kaburi ni la Kiarabu, na msikiti vile vile. Lakini hebu tazama lilivyotendwa neno hilo: Mwarabu alisema masjid, Mswahili akaisikia ile silabi ya mwanzo kama kiambishi, akasema msikiti, na wingi wake misikiti, akalipanga katika ngeli moja na mti na mkono. Anayetawaliwa na lugha ngeni hawezi kufanya hivyo. Huo ni ukarimu wa mwenye nyumba: karibu mgeni, lakini viatu utavivulia hapa.

Mwaka 2023 wanasayansi, akiwemo mwanaakiolojia wa Kenya Chapurukha Kusimba, walichapisha uchunguzi wa mifupa ya kale kutoka miji ya pwani kama vile Mtwapa, Manda na Kilwa. Matokeo yaliwashangaza wengi wa pande zote mbili za mabishano. Kuanzia karibu mwaka 1000, watu wa miji hiyo walikuwa na damu ya Afrika na ya Asia pamoja. Ile ya Afrika imetoka zaidi kwa mama. Ile ya Asia, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya Uajemi, imetoka zaidi kwa baba. Kwa hiyo masimulizi ya wazee kuhusu wahenga wa Shirazi hayakuwa ya kubuni tu. Lakini kwa mwanaisimu jambo lililo wazi ni jingine. Akina baba walikuja na merikebu, na mali, na dini. Hawakuweza kuibadili lugha ya jikoni. Watoto walizungumza kama mama zao. Sentensi ile ya karatasi za mtihani imewafuta wanawake hao wote kwa mpigo mmoja.

Usiku ule, garimoshi likikata mbuga ya Tsavo, sikuwa nikifikiria pwani tena. Nilikuwa nikiwaza mitaa yetu. Kabla ya Pumwani kuanzishwa katika miaka ya 1920, Nairobi ilikuwa na vijiji vya Waafrika vilivyoitwa Mombasa na Maskini. Vilibomolewa, wakazi wakapelekwa Pumwani. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikafika zamu ya Pangani ya kale, na watu wake wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Ni Mnairobi gani leo awezaye kusimama akanionyesha kilipokuwa kijiji cha Mombasa? Hakikuacha hata mzizi uliokumbatia ukuta. Kwa upande mwingine, kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia haipo, lakini watu wake wamebaki midomoni mwetu kila kondakta anapopiga kelele "Kariokor!", kama walivyobaki Kariakoo ya Dar es Salaam. Gede ina kuta bila jina. Kariokor ina jina bila kambi.

Sasa mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu umeifikia mitaa hii ya kale, Shauri Moyo na Makongeni ikiwemo. Sina ugomvi na nyumba mpya. Nimekulia katika chumba kimoja Kaloleni, watu saba, na sitamwombea mtu yeyote maisha hayo kwa kisingizio cha historia. Ninachokihofia ni kwamba atakayekuja baadaye ataanza kuokota mikasi na kuzibatiza nyumba zetu. Vichochoro vya mitaa hii vina majina, na viwanja, na miti waliyokaa wazee chini yake. Karibu yote yanaishi katika kumbukumbu za watu waliokwisha kuvuka miaka 70, na hakuna anayewauliza.

Wanafunzi wangu wa mwaka huu hawataandika insha kuhusu chimbuko la Kiswahili mpaka kwanza kila mmoja aniletee majina 10 ya mahali alipokulia, pamoja na maelezo ya mzee mmoja kuhusu kila jina. Walinung'unika, bila shaka.

Mpwa wangu, ambaye si mwanafunzi wangu, alifika Jumapili iliyopita na daftari. Alikuwa ameanzia kituo chao cha matatu Umoja, akaenda kwa miguu hadi kwa jirani zetu wa zamani Kaloleni. Yalikuwa majina 11. Saba kati yake sikuyakuta katika ramani yoyote niliyo nayo ofisini, na mawili, mimi mzaliwa wa pale, sikuwa nimeyasikia kamwe.