Theluji ya Oktoba, Vifo vya Aprili

Asiyeishi na theluji hudhani kwamba hatari yake huongezeka kadiri inavyokuwa nyingi. Katika Milima ya Rocky jimboni Colorado, Marekani, wanaopanda na kuteleza kwa skii nje ya maeneo yanayosimamiwa huuogopa zaidi msimu ulioanza na theluji haba, na wana haki ya kuuogopa.

Kisa huanzia chini. Theluji kidogo ya Oktoba au Novemba ikitanda, kisha zikafuata wiki za mbingu safi, ardhi iliyofunikwa hubaki na joto la karibu nyuzi sifuri, huku usiku uso wa theluji ukishuka hadi nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Tofauti hiyo yote imebanwa ndani ya kina cha sentimita 40, tuseme. Inapozidi takriban nyuzi 10 kwa kila mita, mvuke hupanda kwa kasi kutoka punje hadi punje, na punje huumbika upya: kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Ukizichota zinachuruzika vidoleni kama sukari. Theluji ingekuwa na kina cha mita mbili, tofauti ileile ingetawanyika na punje zingeshikamana.

Tabaka hilo likiwa peke yake halimdhuru mtu. Balaa huja na dhoruba za Desemba. Upepo, ambao Colorado aghalabu hutoka magharibi, huikwangua theluji upande mmoja wa kilele na kuirundika upande wa pili, ikiwa imeshindiliwa kuwa bamba. Sasa bamba zito limelalia punje legevu, nalo linaweza kukatika na kuporomoka. Maporomoko mengi ya aina hii hutokea kwenye mteremko wa digrii 30 hadi 45, ambao, kwa bahati mbaya, ndio unaopendwa na watelezaji. Tena katika ajali nyingi zinazoua, anayelifyatua bamba ni marehemu mwenyewe au mwenzake wa msafara.

Wenye ujuzi huchimba shimo na kukata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na unene wa 30. Beleshi hulazwa juu ya ncha moja, kisha hupigwa mara 10 kwa nguvu za kifundo cha mkono, mara 10 kwa za kiwiko, mara 10 kwa za bega. Kinachosakwa ni ufa. Ukikimbia nguzo nzima kutoka ncha hadi ncha kwa pigo moja, msafara ubadilishe njia. Usipokimbia, bado mimi nisingejipa moyo sana: bamba likizidi unene wa mita moja, mapigo huenda yasilifikie tabaka la chini kabisa, na mita chache kando hali inaweza kuwa tofauti.

Tarehe 20 Aprili 2013, karibu na Loveland Pass, watu sita waliingia bonde la Sheep Creek wakiwa na vifaa vya uokoaji na wakiwa wamesoma taarifa ya hatari. Walikuwa wakipita sehemu ya chini ya mteremko, wakiacha nafasi kati yao, wafike kwenye miti waliyoiona salama. Bamba likakatika juu yao hadi karibu na ardhi. Watano walikufa. Tabaka lililowaangusha lilikuwa la mwanzo wa msimu, miezi mingi nyuma. Hapo ndipo penye ugumu wa tatizo hili: ufa husafiri ndani ya tabaka legevu, hivyo mtu aliye chini anaweza kulishusha bamba lililo juu yake, na mwanya wa mita chache baina ya wenzake haumlindi yeyote.

Kifaa cha kutoa mawimbi ya redio, fimbo ndefu ya kutafutia na beleshi ni lazima viwepo, lakini muda wa kuvitumia ni mfupi mno: nafasi ya aliyefukiwa huporomoka baada ya dakika 10 hadi 15, kwa kukosa hewa. Msimu wenye tabaka bovu, kifaa cha kwanza kutolewa mfukoni kiwe kipima mwinuko. Chini ya digrii 30, pasipo mteremko mkali unaoning'inia juu yako, unaweza kuteleza hata Januari mbaya kabisa.