Kulisha Udongo wa Kichanga

Udongo wa kichanga ni mwepesi. Jembe huingia bila taabu. Mashamba mengi ya Tabora, pamoja na yale ya jirani na Isevya, yana udongo huu. Lakini mkulima anaweza kupanda mahindi, akapalilia vizuri, na bado yakawa ya manjano. Kwa nini?

Jaribu hivi. Chukua konzi moja ya udongo wenye unyevu. Ufumbate, kisha fungua mkono. Ukimomonyoka mara moja, huo ni udongo wa kichanga.

Mchanga haushiki maji, wala haushiki chakula cha mmea. Mvua za Tabora huanza Novemba na kwisha Aprili. Mvua kubwa ikinyesha, maji hushuka upesi na kuchukua mbolea hadi mahali ambapo mizizi haifiki. Fedha imepotea, na nyumbani hakuna chakula.

Tufanye nini?

Kwanza, tutie samadi. Samadi hushika maji na chakula cha mmea. Tumia samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza miche. Ikiwa ni kidogo, usiitawanye shamba zima. Tia konzi mbili katika kila shimo, changanya na udongo, ndipo upande.

Pili, tusichome majani. Tangu zamani Wanyamwezi hulima matuta na kufukia majani ndani yake. Majani yakioza huwa mbolea. Yafukie mapema, yaoze kabla ya kupanda.

Tatu, tugawe mbolea ya dukani. Siku ya kupanda, tia kizibo kimoja cha soda cha DAP katika kila shimo. Funika kwa udongo kidogo, halafu weka mbegu mbili. Mbegu ikigusa mbolea huungua. Mstari hadi mstari uwe sentimeta 75, shimo hadi shimo sentimeta 60. Ekari moja itapata mashimo kama 9,000, na mfuko mmoja wa kilo 50 utatosha.

Yurea usiitie yote siku moja. Tia nusu kizibo kwa kila shimo mahindi yakifika magotini. Tia nusu ya pili kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Palilia kwanza. Weka mbolea kando ya shina, kisha ifukie. Udongo uwe na unyevu, lakini usitie mvua kubwa ikikaribia.

Nne, tubadilishe mazao. Mwaka unaofuata panda karanga, kunde au njugu mawe. Mizizi yake hurutubisha udongo.

Mbolea ya dukani hulisha mmea wa mwaka huu. Samadi na majani hulisha udongo. Shamba la kichanga linahitaji vyote viwili.

Maswali

1. Kwa nini mbolea hupotea upesi katika mchanga?
2. Shamba la nusu ekari litahitaji kilo ngapi za DAP?
3. Majani ya shamba lako huyafanyia nini?