Taa nyekundu ya freni: mama, usinyamaze

Wengi wetu si madereva. Lakini kila siku tunapanda gari: taksi ya kwenda sokoni, gari la kukodi la arusi au la kilio, basi dogo linalopeleka watoto masomo. Kuna taa moja mbele ya dereva ambayo kila mama anapaswa kuijua, awe na permi au asiwe nayo.

Ni nyekundu. Ni duara lenye alama ya mshangao ndani yake, na kila upande kuna mstari uliopinda. Katika magari mengine limeandikwa neno BRAKE. Hiyo ni taa ya freni. Ikiwaka wakati gari linatembea, msiendelee na safari kabla ya kujua sababu.

Sababu tatu za kutafuta kwanza

Ya kwanza ni nyepesi: freni ya mkono. Labda dereva hakuishusha hadi chini. Aishushe vizuri. Taa ikizimika, safari iendelee.

Ya pili ni mafuta ya freni kupunguka. Motere ikiwa imezimwa, dereva afungue kapo. Karibu na ukuta wa nyuma kuna kikopo cha plastiki kinachoonyesha mafuta ndani, chenye alama MAX na MIN. Mafuta yakiwa chini ya MIN, taa inawaka. Sasa tuelewe jambo moja: mafuta haya hayachomwi kama esansi. Yakipunguka, kuna sababu. Pengine yanavuja: tazameni upande wa ndani wa magurudumu na chini ya gari kama kuna majimaji.

Ya tatu ni plaketi kuisha. Plaketi ni vile vipande vinavyobana diski ili gurudumu lisimame. Kadiri zinavyokuwa nyembamba, mafuta hushuka kutoka kwenye kikopo kujaza nafasi iliyoachwa. Ndiyo maana mwanzoni taa huwaka kidogo tu kwenye kona au mteremko, kisha ikazimika. Dereva husema: «Hiyo haina neno, inawakaga tu.» Lina neno. Plaketi iliyobaki milimita 3 hivi ibadilishwe. Ukisikia chuma kikikwaruza chuma, umechelewa tayari.

Kuongeza mafuta si kutengeneza

Wengine humimina mafuta mapya, taa ikazimika, wakafurahi. Lakini kama bomba linavuja, kesho litavuja tena. Na kama plaketi zimeisha, mafuta mapya yanaficha habari ambayo gari lilikuwa likiwapa. Fundi atafute sababu kwanza, ndipo aongeze.

Aongeze mafuta gani? Mfuniko wa kikopo umeandikwa, mara nyingi DOT 3 au DOT 4. Yafuatwe hayo. Mafuta ya motere yasiwekwe humo hata kidogo, kwa maana yanavimbisha mipira ya ndani na kuua freni nzima. Nyumbani, mafuta ya freni ni sumu: yasikae katika chupa ya maji au ya juisi ambapo mtoto anaweza kuyanywa.

Taa isiyowaka kabisa

Dereva anapofungua ufunguo kabla ya kuwasha motere, taa ya freni inapaswa kuwaka. Motere ikishawaka na freni ya mkono ikishushwa, inazimika. Kama haikuwaka kabisa, huenda balbu imekufa, au mtu amekata waya ili abiria wasiulize.

Taa ya njano yenye herufi ABS ni nyingine. Ikiwaka peke yake, freni za kawaida huwa bado zinashika, lakini magurudumu yanaweza kujifunga na gari kuteleza ukikanyaga kwa nguvu. Gari lipelekwe garaji. Zikiwaka zote mbili, nyekundu na njano, msiendelee.

Kwenye miteremko yetu

Anayetoka Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya Ngomo anajua. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1.460, Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Dereva anayeshuka akikanyaga freni muda wote anaichoma moto. Mafuta ya freni hunyonya maji kutoka hewani. Yakizeeka na kupata joto kali yanachemka, na pedali inaenda chini bila gari kusimama. Hapo taa inaweza isiwake. Kwa hiyo dereva ashuke kwa vitesi ndogo, na mafuta yabadilishwe kila miaka 2 hivi.

Ikiwa taa imewaka njiani, dereva aondoe mguu kwenye aksileta na akanyage freni polepole aone kama inashika. Pedali ikiwa laini kama sponji au ikienda chini, aikanyage mara nyingi haraka haraka, ashuke vitesi moja moja, avute freni ya mkono polepole, kisha aegeshe nje ya barabara. Wote washuke, na mawe yawekwe kwenye magurudumu.

Tuseme kwa heshima, lakini tuseme

«Papa shofere, hiyo taa nyekundu ni ya nini?» Swali hili si matusi. Vyama vyetu vinavyokodi magari vinaweza kukubaliana hivi: kabla ya kutoa pesa ya safari, mama mmoja akae mbele, aombe ufunguo ufunguliwe na motere iwashwe, atazame taa, kisha dereva akanyage pedali kwa nguvu na kuihesabia hadi 20. Ikizama polepole, tafuteni gari lingine. Ni kazi ya dakika 2, na tunaifanya watoto wakiwa bado chini.